Ukimpeleka kiziwi ngomani, mvue viatu

Mdogo wangu alipoteza usikivu akiwa na miaka sita, baada ya homa ya uti wa mgongo. Kwa miaka mingi, tamasha la sanaa la Bagamoyo likifika, sisi tunakwenda, yeye anabaki na shangazi. "Ataenda kusikia nini?" Maneno hayo niliyasema mimi, na mpaka leo yananichoma.

Alipofika kidato cha pili akakataa kubaki. Nikampeleka TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, tukakaa viti vya nyuma. Saa nzima alitazama miguu ya wachezaji tu, uso umepoa. Tulipotoka nje tukakuta akina mama wa Kigogo wanajiandaa, ngoma zao za muheme ziko kando ya moto ngozi zikaze, maana unyevu wa bahari huzilegeza upesi. Nikamwamkia mmoja, nikamweleza hali ya binti.

"Mlete hapa, mwanangu."

Akaibana ngoma mapajani, akamwekea mdogo wangu viganja ubavuni mwake, akapiga. Mdogo wangu akaruka nyuma. Akarudisha viganja. Kisha akavua kandambili.

Sauti ni mtetemo, na sikio ni mlango wake mmojawapo tu. Ngozi ya binadamu huhisi vizuri zaidi mitetemo ya hezi 250 hivi, yaani mara 250 kwa sekunde, na ikizidi 1,000 karibu haihisi kitu. Ndiyo maana filimbi, yenye mitetemo ya kasi, humpita mdogo wangu kabisa, na chapuo, ile ngoma ndogo, humgusa kidogo tu, ila msondo, ile ngoma kubwa, ukinguruma anashika kifua. Mule mna hewa, na mngurumo mzito huitikisa.

Kwa hiyo usimkalishe nyuma. Msogeze upande wa ngoma kubwa, na uangalie anakanyaga nini. Mchanga humeza mtetemo. Ngoma ya ufukweni tuliifurahia sisi, yeye alichoka mapema. Mbao huubeba vizuri. Ukipata benchi refu la mbao lililogusa jukwaa, kaeni hapo, miguu mitupu. Mpe pia chupa tupu ya maji iliyofungwa kizibo, aishike kwa viganja viwili bila kuiminya. Plastiki nyembamba hutetemeka hata kwa midundo ambayo nyayo hazijaipata. Puto linafanya kazi nzuri zaidi, lakini kwenye umati hupasuka.

Evelyn Glennie wa Scotland, mpigaji ngoma mashuhuri duniani, alikuwa kiziwi alipofika miaka 12, naye hupanda jukwaani peku. Nilipomwonyesha mdogo wangu video yake aliirudia mara nne, mkono juu ya meza.

Jambo moja sitaki ulipuuze. Wengi wanaoitwa viziwi wana usikivu kidogo uliobaki. Msimsimamishe mbele ya spika kubwa mkidhani hana cha kupoteza. Kelele ya desibeli 100 huanza kudhuru sikio baada ya dakika 15 hivi. Mzibe masikio kwa vizibo vya sponji, nawe ziba yako. Kifua na nyayo vitaendelea kupokea.

Na fikeni mapema, ngoma zikiwa bado motoni. Msalimieni mpigaji, muombeni kwa adabu binti au kijana aiguse kabla watu hawajajaa. Mimi sijawahi kukataliwa.