Ukitaka kuielewa futiboli ya Kimarekani, anza na LSU ya 2019

Wanafunzi wanaokuja kusoma Marekani huniuliza sana namna ya kuielewa futiboli ya huku, ile ya kofia ngumu na mabega mapana. Wengi wamejaribu kuangalia mechi moja, wakachoshwa na kusimamasimama kwake, wakarudi kwenye Ligi Kuu ya Uingereza. Ushauri wangu ni huu: kitabu cha sheria kiweke kando kwanza. Chagua timu moja ya chuo, msimu mmoja, na katika kila mechi ukazie macho jaribio la tatu. Mimi ningekuchagulia LSU, Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, msimu wa 2019. Walicheza mechi 15, wakashinda zote 15, wakawa mabingwa wa taifa. Mwaka huo nilikuwa nasoma Baton Rouge, mji wa chuo hicho, na timu ile ndiyo iliyonipa mapenzi ya mchezo huu.

Kwa nini jaribio la tatu? Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifikisha, inahesabiwa upya. Isipofikisha katika matatu ya kwanza, kwa kawaida la nne hulitumia kuupiga mpira mbali kwa mguu na kumwachia mpinzani. Basi la tatu ndilo lenye roho ya mchezo. Jirani yangu, mzee mmoja mstaafu, alikuwa akirekodi mechi, na kila likifika jaribio la tatu anasimamisha picha na kuniuliza: "Zimebaki yadi ngapi? Watarusha au watakimbia?" Haniachii mpaka nijibu. Tafuta mtu wa namna hiyo. Kama huna, simamisha picha mwenyewe na ujiulize kwa sauti.

Mechi ya kuanzia ni ile dhidi ya Chuo Kikuu cha Texas, Septemba 7, mjini Austin. LSU wanaongoza 37–31, zimebaki dakika mbili na ushee. Jaribio la tatu, na zimebaki yadi 17, ambazo ni nyingi mno. Kwa miaka mingi LSU ilisifika kwa kukimbia na mpira na kutegemea ulinzi, na hapo timu ya zamani ingekimbia tu ili saa iendelee kuzunguka. Lakini kocha Ed Orgeron alikuwa ameamua kubadilika. Alimleta kijana Joe Brady kutoka New Orleans Saints, timu ya kulipwa, kuja kusaidia kupanga mashambulizi ya pasi, ingawa msimu uliotangulia walishinda mechi 10 na kufungwa 3 tu. Kubadili mfumo wakati unashinda kunataka moyo, na ninamheshimu sana kwa hilo. Angalia sasa kinachotokea: walinzi wa Texas wanamvamia kwotabeki, yaani mrusha pasi wa LSU, Joe Burrow, anasogea pembeni, anamrushia Justin Jefferson, naye anakwenda mpaka mwisho. Yadi 61, tachidauni, yaani mpira umefikishwa eneo la mwisho la mpinzani. Mechi iliisha 45–38.

Ya pili iwe ya Auburn, Oktoba 26. Watu huiruka kwa sababu matokeo yake ni 23–20 na haina mbwembwe. Usiiruke. Ni mechi pekee ya msimu ule ambayo LSU walipata chini ya pointi 36, na ndiyo itakayokufundisha kazi ya walinzi.

Kisha Alabama, Novemba 9, huko Tuscaloosa. LSU hawakuwa wamewafunga tangu 2011. Mkazie macho Clyde Edwards-Helaire, mkimbiaji wa LSU na mtoto wa Baton Rouge, mfupi kuliko karibu kila anayemkaba. Akishikwa haanguki, anaendelea kusukuma miguu mpaka apate yadi moja zaidi. LSU 46, Alabama 41.

Kama unaishi karibu na chuo chenye timu, nenda siku ya mechi hata kama huna tiketi. Saa nyingi kabla ya mchezo watu wanapika nje ya uwanja. Kwetu ilikuwa jambalaya, wali wa nyama na soseji kwenye sufuria kubwa, ambao ungeuona ukasema ni pilau ya harusini. Usiende mikono mitupu. Beba sambusa, salimia, uliza maswali, na utaelezwa mchezo mpaka uchoke.

Fainali iache mwisho: Januari 13, 2020, New Orleans, dhidi ya Clemson waliokuwa mabingwa watetezi. Clemson waliongoza 17–7, ndipo LSU wakapata pointi 21 mfululizo kabla ya mapumziko. Katika shambulizi la mwisho la kipindi hicho Burrow anakosa wa kumrushia, anakimbia mwenyewe yadi 29, halafu zikiwa zimebaki sekunde 10 anampa Thaddeus Moss tachidauni. Matokeo ya mwisho yalikuwa 42–25, na Burrow akafikisha pasi 60 za tachidauni kwa msimu mmoja. Ukifika hapo hutahitaji mtu wa kukusimamishia picha.