Kompyuta Ilisema Breki Ni Nzima

Tulipoanza kushuka mlima Kitonga tukitokea Njombe, nyuma kulikuwa na magunia mawili ya viazi, ndoo ya maparachichi, watoto wawili na mama mkwe. Gari ni la juu, haibridi (injini na mota ya umeme pamoja), lilikuwa na miaka minne tu tangu litoke kiwandani Japani. Nilikuwa nimeacha gia kwenye D, kama ninavyoendesha kila siku Mbezi hadi Posta. Mbele yetu lori linateremka mwendo wa kinyonga, nami nakanyaga, naachia, nakanyaga.

Kabla hatujafika katikati ya mlima, pedali ikazama. Haikwisha kabisa, lakini pale ilipokuwa inashika zamani haikushika. Nikapampu mara tatu, ikarudi kidogo. Nikavuta gia kwenye B, ile ya kushukia milima, injini ikanguruma kama trekta, gari likaanza kujizuia. Mama mkwe alikuwa amelala tangu Makambako. Akaamka na kuuliza, "Baba, hili gari linalia nini?"

Sikumjibu. Ruaha Mbuyuni tulikaa zaidi ya saa nzima kusubiri magurudumu yapoe, harufu ya kuungua imetanda hadi kwa wauza vitunguu.

Ukweli ni kwamba gari lilikuwa limenisemesha miezi mingi. Pedali ilikuwa inaenda chini kidogo kuliko siku nilipolichukua. Gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa na vumbi jeusi zaidi ya mengine na linakuwa la moto baada ya safari fupi. Nilirudi kwenye yadi nilikolinunua, wakanijibu kwa upole: "Mkuu, haya magari mapya ndivyo yalivyo. Utazoea." Kweli nikazoea. Mguu wa dereva ni mwepesi sana wa kuzoea. Pedali ikishuka kidogo kidogo kila wiki, mguu unaifuata bila kukuuliza.

Baada ya Kitonga nilianza kuzunguka gereji. Ya kwanza walichomeka mashine, wakasoma, wakaniambia hakuna kosa hata moja, breki nzima. Nikalipa, nikaondoka. Ya pili walisema pampu ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki ghafla) imekufa, wakataja bei ambayo ningeweza kununulia bodaboda. Ya tatu ilikuwa kwa mzee mmoja anayefanyia kazi chini ya mwembe. Yeye hakugusa kompyuta kabla ya kufungua magurudumu yote manne.

Kompyuta ya gari inajua kile ambacho sensa zake zinapima. Magari mengi hayana sensa ya kupima maji ndani ya mafuta ya breki, na kompyuta haina jicho la kuona kutu kwenye pini ya kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski. Ikikuambia hakuna kosa, maana yake ni kwamba hakuna waya unaolalamika. Mzee alichovya kalamu ndogo ya kupimia kwenye chupa ya mafuta ya breki, ikawaka nyekundu. Mafuta yenyewe yalikuwa na rangi ya chai ya mkandaa. Sidhani kama yalikuwa yamewahi kubadilishwa.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani, na kwa joto la Dar huo unyevu upo wa kutosha. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205; yakishanyonya maji, kiwango kinaruhusiwa kushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 mapya, 155 yakiwa na maji. Ukishuka mlima mrefu ukiwa umekanyaga breki, joto la diski linapita hapo bila shida, na mafuta yanachemka ndani ya kalipa. Mafuta hayabanwi, mvuke unabanwa. Kwa hiyo mguu unabana mvuke, na pedi hazipati nguvu. Watengenezaji wengi wanataka yabadilishwe kila miaka 2 au 3, hata kama gari halijatembea. Gharama yake ni chupa moja au mbili na kazi ya kutoa upepo, chini ya bei ya tairi moja.

Haibridi ina mtego wake wa ziada. Unapokanyaga taratibu, mara nyingi si pedi zinazolizuia gari, ni mota inageuka kuwa jenereta na kujaza betri. Ndiyo maana mjini pedi zinadumu sana na watu wanasifia. Lakini kwenye mteremko mrefu betri inajaa, haina pa kuweka umeme, na sehemu kubwa ya kazi inarudi kwenye pedi na diski ambazo zimekaa bila kazi ya maana. Kwangu pini za kalipa ya nyuma zilikuwa zimeganda. Mzee alisema magari yanayotoka sehemu za theluji za Japani huja na kutu chini, kwa sababu barabara kule humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Pini ikiganda, pedi ya ndani inasugua peke yake. Nilikuwa nachungulia pedi kupitia rimu kila mwezi najiona mjuzi, kumbe pedi unayoiona pale ni ya nje. Ya nje ilikuwa nzuri kabisa. Ya ndani ilibaki kama milimita 2, wakati hata 3 tayari ni ya kutupa. Siku fundi atakapokuambia pedi bado, mwombe akuonyeshe ya ndani.

Hendibreki ya kitufe nayo ina makosa yake. Kwenye magari mengi ya namna hii kuna mota ndogo kwenye kalipa ya nyuma, na pistoni, ile inayosukuma pedi, hairudishwi ndani kwa klempu hadi gari liwekwe kwanza kwenye hali ya matengenezo. Fundi akilazimisha anaweza kuvunja gia za ndani ya mota. Muulize kabla hajaanza: utairudishaje pistoni ya nyuma? Akikutazama tu bila neno, chukua funguo zako.

Si kila sauti ni ugonjwa, nami nimewahi kumsumbua fundi bure. Mkwaruzo wa asubuhi baada ya mvua ni kutu nyepesi juu ya diski, unaisha ukikanyaga mara mbili tatu. Kwenye haibridi nyingi, mlio mfupi wa "zzz" unapofungua mlango ni pampu inajaza presha ya breki. Pedali kugongagonga mguuni wakati wa breki ya ghafla kwenye lami yenye maji ni ABS ikifanya kazi. Usukani ukitetemeka unapofunga breki kwenye mwendo mkubwa, anza na diski, na muulize aliyekufungia tairi mara ya mwisho kama alikaza nati kwa mashine ya upepo bila kipimo. Pedali iliyobadilika, gari kuvuta upande mmoja, mafuta kupungua kwenye chupa au taa nyekundu: hayo si ya kusubiri mwisho wa mwezi.

Pia kuna kasoro za kiwandani za kweli. Februari 2010 Toyota ilitaka magari zaidi ya 400,000 ya haibridi, mengi yakiwa Prius, yarudishwe ili kurekebisha programu ya ABS. Septemba 2024 BMW ilitangaza kwamba magari yapatayo milioni 1.5 yaliguswa na tatizo la mfumo wa breki uliotengenezwa na Continental, kampuni ya Ujerumani ya vipuri. Sisi tunaonunua magari yaliyotumika hatupigiwi simu na mtu. Tovuti za Marekani zinataka namba yenye tarakimu na herufi 17, na gari la soko la Japani halina hiyo. Lina namba fupi ya chesisi yenye kistari katikati. Ingia kwenye tovuti ya Kijapani ya mtengenezaji mwenyewe, iache simu itafsiri, uweke hiyo namba. Mimi nilifanya hivyo nikiwa foleni ya Ubungo. Langu halikuwa na kitu, nikakosa wa kumlaumu.

Ukienda kulalamika, usiseme "breki mbaya". Andika ni lini: gari baridi au moto, mwendo gani, lami au vumbi, umebeba nini. Piga video ya pedali. Kisha mpakie fundi mwendeshe naye, na majibu yake yaandikwe kwenye karatasi ya kazi. "Ni kawaida" ya mdomoni ni rahisi mno kutamka. Mwambie aiandike na kusaini uone atakavyolikagua gari upya.

Madereva wa malori wana kanuni yao, gia uliyopandia ndiyo unayoshukia. Kwa otomatiki, B, L au namba ndogo ziwekwe ukiwa bado juu ya mlima, kabla mteremko haujaanza.

Desemba tulipita tena Kitonga, mafuta mapya ya DOT 4, pini zimepakwa grisi, gia kwenye B tangu kileleni. Injini ikanguruma. Mama mkwe akafumbua macho. "Baba, bado linalia?"

"Leo nimeliambia mimi lilie, mama." Akajifunika kanga usoni, akarudi kulala.