Hogo limetoka, goti halikunji

SWALI: Dokta shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Pasua hapa Moshi. Noah tuliyopanda ilipinduka tukitokea Boma Ng'ombe nikavunjika mguu chini ya goti, nimekaa na hogo karibu miezi mitatu. Wamelitoa wiki mbili zilizopita wakasema mfupa umeunga, ila goti halikunji, hata kukaa kwenye kigoda nipike siwezi, na paja limekonda mpaka naogopa kuliangalia. Mama mkwe anataka kuniletea mzee wa kuchua alikunje kwa nguvu. Nikubali?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Usikubali kabisa. Goti lilifungwa miezi yote hiyo bila kusogea, misuli ya paja imesinyaa na nyama za kuzunguka goti zimekaza, sasa mtu akilikunja kwa nguvu litavimba na we utaogopa kulisogeza, na mfupa wenyewe bado mchanga unaweza kuvunjika tena. Mama mkwe mshukuru, muombe akushikie watoto nusu saa asubuhi na jioni ufanye mazoezi.

Kaa kitandani mguu umenyooka, viringisha taulo uweke chini ya goti, ligandamize mpaka uone paja linakaza, hesabu mpaka 5, achia, rudia mara 10. Halafu vaa soksi, kaa kwenye sakafu ya saruji, pitisha kanga chini ya wayo, vuta kisigino taratibu kuja kwako mpaka pale panapokaza, subiri kidogo, rudisha. Kila Jumapili weka alama ya chaki pale kisigino kilipofika. Kuvutavuta ni kawaida, ila maumivu yakilala mpaka kesho yake ujue umezidisha. Kigoda kinataka goti likunje zaidi ya nyuzi 90, kwa sasa pikia kwenye kiti kirefu.

Kama umebaki na gongo moja lishike upande wa mguu MZIMA, wengi wanakosea hapa. Kuukanyagia mguu kiasi gani atakwambia aliyeona eksirei yako, kwa hiyo beba hizo picha nenda fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi), hospitali ya KCMC ipo, usisubiri mwezi uishe.

Shavu la mguu likivimba, likawa la moto na kuuma, au pumzi ikabana ghafla, acha mazoezi, nenda hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku, inaweza kuwa damu imeganda.