Gadi anapata asilimia 29 ya pointi tatu: nimfute kwenye orodha?

SWALI: Kocha, shikamoo. Nafuatilia sana drafti ya NBA, yaani siku timu za ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani zinapochagua vijana wapya, na safari hii nimeamua kuandika ripoti zangu mwenyewe za magadi, wale wachezaji wanaobeba mpira na kuongoza mashambulizi. Nimekwama kwa kijana mmoja wa mwaka wa kwanza chuoni. Ana kasi kubwa, anafunga vizuri karibu na ringi, na mitupo huru, ile ya baada ya faulo, anapata asilimia 83. Tatizo ni pointi tatu, mitupo ya mbali nje ya mstari: asilimia 29 tu. Halafu anapoteza mpira karibu mara tatu kila mechi. Wenzangu wanasema gadi asiyepiga pointi tatu hana maisha kwenye ligi ya sasa, nimfute. Je, takwimu hizi zinatosha kumhukumu? Na nikikaa kwenye video, macho yangu niyaweke wapi?

JIBU: Marahaba. Usimfute, angalau si kwa sababu hizo mbili.

Kabla ya yote uliza: asilimia 29 ya mitupo mingapi? Msimu wa chuo una mechi thelathini na kitu. Gadi anayejaribu mitatu au minne kwa mechi anamaliza mwaka na mitupo mia moja na kidogo. Hiyo ni sampuli ndogo mno. Kwa mitupo 110, bahati peke yake inaweza kuipandisha au kuishusha asilimia yake kwa nane au tisa. Kwa hiyo kijana wako anaweza kuwa mpigaji wa asilimia 37 aliyekutana na msimu mbaya, na anaweza pia kuwa mpigaji wa asilimia 21 aliyebahatika. Namba hiyo ikisimama peke yake haikwambii ni yupi.

Takwimu zako zinanikumbusha Tyrese Maxey. Alitoka Chuo Kikuu cha Kentucky mwaka 2020 akiwa amefunga pointi tatu 33 kati ya mitupo 113, yaani asilimia 29.2, na mitupo huru asilimia 83.3. Majina ishirini yaliitwa kabla ya lake, ndipo Philadelphia 76ers wakamchukua nafasi ya 21. Msimu wake wa pili NBA alipiga pointi tatu kwa asilimia 42.7. Sasa rudi kwenye zile 113: mitupo saba zaidi ingeingia, angemaliza chuo na asilimia 35 na pengine angechukuliwa mapema, asingesubiri hadi nafasi ya 21.

Kuna upande wa pili pia. Gadi Lonzo Ball alimaliza msimu wake wa chuo pale UCLA mwaka 2017 na asilimia 41.2 za pointi tatu, namba inayong'aa, lakini mitupo huru ilikuwa asilimia 67.3. Los Angeles Lakers walimchukua nafasi ya pili. Msimu wa kwanza akapata 30.5 kwenye pointi tatu na 45.1 kwenye mitupo huru. Baadaye aliufumua mtupo wake na kuujenga upya, na msimu wa 2020-21 akafika 37.8 na 78.1. Ona kwamba namba zote mbili zilipanda pamoja.

Mtupo huru una thamani hii kwa skauti, mtafuta vipaji wa timu, kwa sababu hauna mkabaji, hauna haraka, na umbali haubadiliki. Unauona mkono wenyewe. Pointi tatu huchanganya mkono na mambo mengine mengi: miguu, uchaguzi wa mtupo, ubora wa pasi aliyopewa, na saa ya shambulizi inayokimbia. Ndiyo maana nakuomba uigawe mitupo yake ya pointi tatu kwa video, moja moja: aliyopiga akiwa amesimama akisubiri pasi, aliyopiga baada ya kudunda, na ile ya kulazimisha saa ikiisha. Gadi anayebeba timu isiyo na wapigaji wengine hulazimika kupiga ile migumu. Ukikuta ile ya kusimama anaifunga vizuri, unajua tatizo liko kwenye mazingira yake zaidi kuliko kwenye mkono.

Kasi yake nayo isome kwa sheria za kule anakokwenda. NBA hairuhusu mkabaji kusimama chini ya ringi zaidi ya sekunde tatu kama hamkabi mtu kwa karibu. Chuoni sheria hiyo haipo, kwa hiyo senta, yule mchezaji mrefu wa karibu na ringi, anaweza kujipaki pale kama mlinzi wa lango muda wote. Mstari wa pointi tatu wa NBA nao uko mita 7.24 kutoka ringi, ukipima mbele yake moja kwa moja, wakati wa chuo uko mita 6.75, na wakabaji wakilazimika kwenda kule mbali wanaacha njia. Kijana anayejipenyeza leo katikati ya msongamano wa chuo atakuta mlango wazi zaidi. Gadi wa kasi anayefunga karibu na ringi akiwa chuoni mimi humwongezea alama.

Sasa ile mipira mitatu anayopoteza. Hapa naomba uwe mvumilivu, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kumshusha kijana kwenye orodha kwa namba hii hii. Nilipokuja kufungua video za makosa yake moja baada ya jingine, nikakuta karibu nusu ni pasi sahihi ambazo wenzake hawakuwa wamegeuka kuzipokea. Nilimwonea. Tangu hapo siandiki wastani wa kupoteza mpira kabla sijayaona makosa yenyewe. Pasi iliyowahi sekunde moja mbele ya mwenzake hainisumbui, inaniambia anaona. Kuporwa mpira mkononi akibanwa kunanisumbua, maana NBA mikono ya wakabaji ni mirefu zaidi. Kinachonisumbua kuliko vyote ni gadi anayeruka na mpira kabla hajajua anampa nani. Na usimshangilie sana yule ambaye hapotezi mpira kabisa. Wengine hawapotezi kwa sababu hawathubutu pasi yoyote ngumu.

Kwenye video, tafuta skrini, pale mwenzake anaposimama njiani kumzuia mkabaji wake. Chukua shambulizi moja ulirudie mara tano. Saa ya shambulizi imebakiza sekunde kumi na mbili, senta wake anapanda kumwekea skrini upande wa kulia, mkabaji wake ananasa pale na kubaki nyuma hatua moja. Gadi wa kawaida hapo anaongeza mwendo, anagongana na senta wa wapinzani, anatupa mpira akiwa amelala hewani. Gadi ninayemtafuta anapunguza mwendo. Anaweka nyonga mbele ya yule wa nyuma na kumbeba mgongoni, huku mpira uko mkono wa mbali. Kwa sekunde hiyo moja amewafunga watu wawili: wa nyuma hawezi kumpita bila faulo, senta hajui apande au abaki. Wenzake wanne wamebaki na wakabaji watatu.

Simamisha video hapo hapo utazame kichwa chake. Anayeangalia ringi tu atafunga pointi nyingi chuoni na atasomwa haraka NBA. Anayemtazama mkabaji wa kona ya mbali ameshaelewa kazi, kwa sababu yule wa konani ndiye mwenye uamuzi: akiingia ndani kusaidia, mpira uende konani, akibaki, mpira uende kwa senta anayeshuka. Ukimkuta kijana wa miaka 19 anapeleka mpira ule wa kona kwa mkono wa kushoto, kwa mkono mmoja, bila kuacha kudunda kwanza, piga mstari chini ya jina lake.

Ulinzi sitakaa nao sana. Angalia tu kama anapigana kuvuka skrini au anafia pale, na urefu wa mikono yake, ambao kambi ya vipimo vya vijana wa drafti, kule Chicago, itautoa pamoja na kimo chake bila viatu.

Na usimhukumu kwa siku moja mbaya. Mwaka 2001 Tony Parker, kijana wa miaka 19 kutoka Ufaransa, alifanyiwa majaribio na San Antonio Spurs. Walimweka dhidi ya Lance Blanks, skauti aliyekuwa mchezaji wa zamani, akambana kwa nguvu hadi kocha Gregg Popovich akaona hafai. Kanda za mechi zake ndizo zilizomrudisha. Akaitwa tena, akachukuliwa nafasi ya 28. Alishinda ubingwa mara nne na timu hiyo, na mwaka 2007 akawa mchezaji bora wa fainali.

Kwa kijana wako fanya hivi. Chagua mechi tatu dhidi ya timu ngumu, moja iwe ile aliyocheza vibaya kuliko zote. Hesabu skrini zake zote, na pembeni ya kila moja andika alichokiona, si matokeo. Kisha andika alichofanya kwenye shambulizi lililofuata baada ya kila kosa: je, aliuomba mpira tena au alijificha konani? Kama kwenye mechi ile mbaya bado alikuwa akiuomba, mimi ningemweka ndani ya nafasi 20 za kwanza. Nitumie utakachopata, tukiangalie pamoja kabla ya siku ya drafti.