Wasomaji Wanauliza: Kusafirisha Pikipiki Ng'ambo

SWALI: Mhariri, nimekusudia kuendesha pikipiki yangu kutoka Amerika ya Kaskazini hadi ncha ya kusini ya Amerika ya Kusini, safari ya miezi minane. Kuifikisha pikipiki huko nitakakoanzia, wakala wa meli amenitajia nauli ambayo ni theluthi moja tu ya ile ya wakala wa ndege. Rafiki zangu wananihimiza nichukue meli bila kusita, lakini mke wangu anashuku kwamba bei hiyo imeficha jambo. Nimsikilize nani?

JIBU: Msikilize mkeo, ingawa rafiki zako nao hawajakosea kabisa, kwa kuwa kuna safari ambazo meli bado ndiyo nafuu.

Kiasi ulichotajiwa, kwa kawaida, ni nauli ya kutoka bandari moja hadi nyingine. Pikipiki moja haijazi kontena, hivyo yako itapakiwa pamoja na mizigo ya watu wengine, na ikifika, kontena hilo litapelekwa kwenye ghala, lifunguliwe, na kila mzigo utengwe kwa jina la mwenyewe. Kila hatua hapo ina ada yake: ya kushusha, ya kufungua kontena, ya hati, ya wakala wa forodha, na ile inayouma kuliko zote, ada ya kuhifadhi, ambayo huanza kuhesabiwa mara tu siku chache za bure zinapokwisha. Ada hizo hulipwa na mpokeaji, yaani wewe mwenyewe, kule unakofikia, na ndiyo maana wakala aliyekupa bei hakuona sababu ya kuzitaja. Si ajabu jumla yake ikaipita nauli yenyewe. Mimi nauli ya chini kupita kiasi hunitia wasiwasi, kwa sababu wapo mawakala wanaopunguza upande wa kupakia wakijua kwamba watafidiwa upande wa kushusha.

Kwa hiyo, kabla hujakabidhi pikipiki, omba jina la wakala atakayeipokea huko, umwandikie wewe mwenyewe, na umtake akupe kwa maandishi orodha ya ada zote hadi pikipiki itoke getini. Akisita kukujibu, umekwisha kujibiwa. Ongeza pia gharama ya malazi ya siku utakazoisubiri meli, kwani tarehe ya meli kufika hubadilika mara kwa mara.

Upande wa ndege hesabu iko wazi zaidi, ila ina mtego mmoja: hutozwi kwa uzito wa mizani peke yake. Wenye ndege huzidisha urefu, upana na kimo cha sanduku kwa sentimita, wakagawanya kwa 6,000, na jibu likizidi uzito halisi, hutozwa hilo. Tuseme pikipiki pamoja na sanduku lake ina kilo 240. Ikiwekwa nzima katika sanduku la sentimita 220 kwa 90 kwa 120, utalipia kilo 396. Ukitoa gurudumu la mbele, madigadi, kioo cha mbele na vioo vya pembeni, ukaufungua usukani na kuulaza juu ya tangi, kisha ukaibana pikipiki chini kwa mikanda hadi sanduku liwe 195 kwa 80 kwa 100, utalipia kilo 260. Saa chache za kushika spana zimekuokolea kilo 136. Piga picha ya kila sehemu kabla ya kuifungua, bolti za kila sehemu uzitie katika mfuko wake wenye jina, na spana utakazozihitaji uzifunge humo humo sandukuni, lakini kwanza muulize wakala, kwa sababu baadhi yao hawaruhusu kitu chochote zaidi ya pikipiki yenyewe.

Kabla ya kuagiza sanduku kwa seremala, pita kwenye maduka yanayouza pikipiki mpya na uulize kama wana fremu za chuma ambazo pikipiki hizo zilifungiwa. Mara nyingi hutupwa. Fremu ya chuma itakuepusha na kanuni ya kimataifa inayotaka mbao za kufungia mizigo zipashwe moto hadi kiini chake kifikie nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30 na kupigwa mhuri wenye alama ya shuke la ngano. Fahamu pia kwamba katika ndege pikipiki huhesabiwa kuwa mzigo wa hatari, chini ya namba UN 3166, hivyo tangi litatakiwa kuwa karibu tupu na waya za betri zifunguliwe.

Kuna jambo ambalo hukulitaja katika barua yako. Kati ya Panama na Kolombia kuna eneo la Darién, kama kilomita 100 za msitu na vinamasi, ambako barabara kuu ya Amerika hukatika. Hutapita hapo kwa magurudumu. Itakubidi usafirishe pikipiki mara ya pili, kwa meli au kwa ndege, na bajeti iliyohesabu safari moja tu ya mizigo ina pengo kubwa.

SWALI: Je, bima ya shehena ni ya lazima? Pikipiki yangu imezeeka, hata ikikwaruzwa sitalia.

JIBU: Si ya lazima, lakini kwa mzigo wa baharini usiipime kwa mikwaruzo. Sheria ya bahari ina kanuni ya kale isemayo kwamba gharama zisizo za kawaida zikitumika kuiokoa meli na shehena kutoka hatarini, wenye meli na wenye mizigo yote huzichangia, kila mmoja kwa kadiri ya thamani ya mali yake. Meli ya Ever Given ilipokwama katika Mfereji wa Suez mwezi Machi 2021, wamiliki wake walitangaza kanuni hiyo, ikawagusa wenye shehena zilizokuwa ndani ya kontena zaidi ya 18,000. Mwenye mzigo asiye na bima hutakiwa kuweka dhamana ya fedha kabla ya kukabidhiwa mali yake, hata kama mali hiyo haikupata mkwaruzo wowote. Aliyekata bima huiachia kampuni yake ya bima shughuli hiyo. Chagua bima inayotaja mchango huo waziwazi.

SWALI: Nimeambiwa niisafishe pikipiki kabla ya kuipeleka Australia. Kuiosha kwa maji kunatosha?

JIBU: Hakutoshi. Wakaguzi wa huko hutafuta udongo, mbegu na wadudu, nao huangalia chini ya madigadi, nyuma ya bamba la kukinga injini, kwenye mapezi ya rejeta na ndani ya mifuko ya mizigo. Fungua sehemu hizo, uzisugue kwa brashi, na usiisahau hema wala viatu. Wakikuta tope, pikipiki itasafishwa upya, na gharama ni yako.