Maswali Yenu: Shule Yetu ya Kata Ilianza Mwaka Gani Hasa?

SWALI: Bodi ya shule yetu ya sekondari, pembezoni mwa Jiji la Dodoma, inaandaa kijitabu cha historia ya shule. Wazee wanasema ilianza 2005, walimu wanasema 2006, bango la getini linasema 2007. Tuandike upi? (Mjumbe wa bodi, Dodoma)

JIBU: Andikeni yote mitatu, ila mseme kila mwaka ni wa jambo gani. Shule nyingi za kata zilitokana na MMES, mpango wa elimu ya sekondari ulioanza 2004. Wananchi walichimba msingi na kufyatua matofali, wanafunzi wa kwanza wakapokelewa, pengine kwenye madarasa ya kuazima ya shule ya msingi, usajili na uzinduzi vikafuata baadaye.

Uamuzi wa kujenga utaukuta kwenye mihtasari ya mkutano wa kijiji au mtaa na ya Kamati ya Maendeleo ya Kata. Siku ya kwanza ya masomo imo kwenye rejesta ya uandikishaji: someni tarehe ya kuingia ya wanafunzi wa mwanzo kabisa, msitegemee mwaka ulio juu ya jalada, maana madaftari yaliyochakaa hunakiliwa upya. Usajili una cheti chake. Hapo angalieni sana: namba ya usajili huanza na S, na namba ya kituo cha mtihani huanza na S vilevile. Ni namba mbili tofauti, na hukosewa mara kwa mara.

Kwa Dodoma, kazi kubwa ni kujua faili la shule liko ofisi gani. Dodoma Vijijini iligawanywa 2007, zikapatikana wilaya za Bahi na Chamwino. CDA, mamlaka iliyoanzishwa 1973 kusimamia ujenzi wa makao makuu, ilivunjwa Mei 2017 na kazi zake zikaingia Manispaa, nayo Aprili 2018 ikawa Jiji. Kwa hiyo shule moja inaweza kuwa na barua ya eneo yenye nembo ya CDA na barua ya ujenzi yenye nembo ya Manispaa. Anzeni idara ya ardhi ya Jiji, mwombe nakala ya ramani ya upimaji. Hiyo msiichukulie kama pambo la kijitabu. Viwanja vinapimwa kila upande tangu serikali ihamie, na shule isiyo na hati ndiyo inayomegwa uwanja wa mpira.

SWALI: Tunaweza kuweka matokeo ya kidato cha nne ya miaka yote kwenye jedwali moja?

JIBU: Mnaweza, lakini miaka miwili itawapotosha. Matokeo ya 2012 yalitangazwa Februari 2013, serikali ikayafuta kwa jinsi wengi walivyofeli, yakapangwa upya na kutangazwa tena Mei. Tumieni ya pili na mseme hivyo. Ya 2014 yalitolewa kwa GPA (wastani wa alama) badala ya divisheni, basi yatengeni. Kama kidato cha kwanza kiliingia Januari 2006, mtihani wa kwanza wa kidato cha nne ni wa 2009. Msihangaike kutafuta matokeo ya kabla ya hapo.

SWALI: Nani aandikwe kuwa ndiye aliyejenga madarasa?

JIBU: Tajeni chanzo cha fedha jengo kwa jengo. Madarasa ya fedha za UVIKO (korona) ya 2021/22 ni rahisi: shilingi milioni 20 kila moja, na hesabu zake zipo. Yale ya mwanzo ndiyo yanayosahaulika, kwa kuwa mchanga, maji na siku za kazi za wananchi havikuwa na stakabadhi. Tafuteni daftari la michango kwa mtendaji wa kata au kwa aliyekuwa mtunza hazina wa kamati ya ujenzi. Likipatikana, pigeni picha kila ukurasa kwenye mwanga wa mchana, pamoja na kurasa zilizofutika nusu, kisha mmrudishie mwenyewe. Majina yale yachapwe yote nyuma ya kijitabu, hata ya waliotoa debe moja la mchanga.