Maswali na majibu: Filamu ikitengenezwa upya inaweza kuifikia ya wenyewe?

Safu iliyopita nilisema kwamba filamu nyingi za kigeni zinazotengenezwa upya hapa nyumbani huanguka kwa uvivu wa kufikiri, wala si kwa ubovu wa kamera. Ujumbe umemiminika kutoka Mtwara na Lindi, wengine wakiunga mkono, wengine wakinishambulia. Nimechagua huu. Ule wa "nitajie muvi kali" nimeuweka kando.

Ndugu mwandishi, ya kwanza ni ya kwanza tu. Hivi kweli kuna filamu iliyotengenezwa upya ikaifikia ya wenyewe? (Msomaji, Lindi mjini)

Ipo, tena si moja. Chukua Infernal Affairs ya Hong Kong, ya mwaka 2002, iliyoongozwa na Andrew Lau na Alan Mak. Polisi amejipenyeza kwenye genge, mtu wa genge amejipenyeza polisi, na kila mmoja anamsaka mwenzake bila kumjua. Miaka minne baadaye Martin Scorsese akaitengeneza upya Marekani kwa jina la The Departed, ikachukua Oscar ya filamu bora. Wengi hukomea kwenye Oscar. Mimi natazama alichoifanyia hadithi. Aliipeleka Boston, kwa Wamarekani wenye asili ya Ireland, Wakatoliki, kwenye mitaa ambako polisi na jambazi wanaweza kuwa wamelelewa mlango kwa mlango. Yaani alijiuliza: kwetu sisi, jambo hili lingempata nani?

Kama hujazitazama, ruka aya hii. Kule Hong Kong msaliti anabaki hai na dhambi yake, kwa sababu filamu nzima imesimama juu ya fundisho la Kibudha la jehanamu isiyo na mapumziko. Scorsese anampiga risasi. Mimi naupenda zaidi ule mwisho wa Hong Kong, na napenda kwamba filamu yao inamaliza kazi kwa saa moja na dakika arobaini hivi wakati ya Scorsese inapita saa mbili na nusu. Lakini siwezi kuiita ya Marekani kivuli. Kila moja ina miguu yake.

Ninachokikataa ni kuitetea "ya kwanza" ambayo mtu hajaitia machoni. Nusu ya walioniandikia kwa hasira wamekiri wenyewe kwamba hawajaiona.

The Magnificent Seven ipi ndiyo orijino, ya 1960 au ya 2016? (Shangani, Mtwara)

Hakuna. Ya kwanza ni Seven Samurai ya Akira Kurosawa, Japani, 1954. Swali hili limeshajibiwa hapa. Tafadhali someni yaliyopita kabla ya kuandika.

Kaka, muvi ikishatiwa sauti ya Kiswahili na DJ si imeshakuwa ya kwetu? Kuna haja gani ya kuigiza tena? (Nachingwea)

Haijawa ya kwetu. Namheshimu sana Lufufu, ambaye sauti yake iliwafungulia wengi filamu za nje walizokuwa wakizitazama kimyakimya bila kuelewa, na DJ Afro kule Kenya. Kazi yao ni ya msimulizi: anakaa kati yako na picha, anaeleza, anachombeza, anampa steringi jina la mtaani. Hiyo ni sanaa kamili. Lakini nyumba, chakula, salamu na makaburi vinabaki vya wenyewe. Anayetengeneza upya anavibadili vyote hivyo, na akishavibadili hadithi nayo inaanza kumdai mambo mapya.

Halafu kuna filamu ambazo sauti ya DJ inaziua. Tazama CODA ya mwaka 2021, iliyotokana na La Famille Bélier ya Ufaransa ya mwaka 2014. Binti anasikia, wazazi wake ni viziwi, na yeye amejaliwa sauti ya kuimba. Wafaransa waliwafanya wakulima, na nafasi za wazazi wakawapa waigizaji wanaosikia. Sian Heder akaihamishia kwa wavuvi wa Gloucester, Massachusetts, akawachukua viziwi wenyewe: Marlee Matlin, Troy Kotsur na Daniel Durant. Kotsur akapata Oscar yake, filamu nayo ikapata ya filamu bora. Hapa sisiti hata kidogo: ya pili imeipita ya kwanza. Kuna mahali binti anaimba jukwaani na sauti yote inakatwa, ili ukae alipokaa baba yake. Ukiitazama kwenye kibanda umiza huku DJ anaongea juu ya kipande hicho, utatoka pale hujui kilichokupita.

Za kwetu zinashindwa kwa sababu ya hela. Wenzetu wana mabilioni. Mbona hilo hulisemi? (Newala)

Nalisema. Hela inasaidia, ila haitoshi. Oldboy ya Park Chan-wook ilitoka Korea Kusini mwaka 2003 na ikatikisa dunia. Spike Lee akaitengeneza upya Marekani mwaka 2013, akiwa na mastaa na fedha, na watu hawakwenda kuitazama.

Tatizo letu liko kwingine. Tunamchukua baba wa Kikorea anayemkatalia binti yake kuolewa na kijana maskini, tunamleta kama alivyo: suti, kufoka sebuleni, mama analia, binti anakimbilia chumbani. Kisha tunaandika kwamba mambo haya yametokea Newala. Sawa, mjomba yuko wapi? Kwa mila za Wamakonde ukoo unafuata upande wa mama, na neno la mjomba juu ya ndoa ya mpwa wake si la kupuuzwa. Ukimtoa, familia hiyo haiishi Newala wala popote. Ukimrudisha, hadithi uliyoinakili inavunjika mikononi mwako, na hiyo ndiyo heri yako. Sasa una wazee wawili wanaodai haki juu ya binti mmoja, na pengine baba aliyekuwa anafoka ndiye mwenye sauti ndogo. Wakorea hawakuwa na hilo. Kuanzia hapo ndipo unaweza kusimama nao bega kwa bega.

Niirudie Seven Samurai, kwa sababu ingetufaa sisi watu wa Kusini kuliko mtu mwingine yeyote nchini. Wanakijiji wanawasikia majambazi wakipanga kurudi shayiri ikiiva. Wanakwenda mjini kutafuta wapiganaji, na hawana cha kuwalipa isipokuwa wali. Wao wenyewe wanakula mtama ili samurai wale wali. Wamarekani walipoihamishia Mexico mwaka 1960, malipo yakawa dola 20 kwa wiki sita. Matoleo yote mawili yamejibu maswali yaleyale: mkulima ana nini mkononi, na ni nani anayekuja kumnyang'anya msimu ukifika?

Tandahimba jibu hilo analijua hata mtoto wa shule. Ni kangomba. Haji na upanga wala farasi. Anakuja miezi ya njaa, mikorosho haijatoa hata ua, anakuta mtoto hana sare au mama yuko hospitali, anatoa hela kidogo, na tangu siku hiyo mzigo wa msimu ujao ni wake. Mnada unatangaza bei, mkulima anaisikia, korosho hana. Na kangomba si mgeni kutoka milimani. Ni jirani, pengine ni shemeji, mtu mnayezikana naye. Nani anaweza kwenda kumkodia shemeji yake samurai? Hilo swali Kurosawa hakulazimika kulijibu, sisi tungelazimika. Mwaka 2018 serikali iliamua kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaja na malori, na wenye mzigo wakahakikiwa mmoja mmoja waonyeshe mashamba yao. Wenye silaha wamefika kijijini kweli, na kijiji hakijui kishangilie au kijifiche. Nionyesheni dairekta aliyeligusa jambo hilo.

Ninacholetewa badala yake ni vijana waliofunga vitambaa vyeusi kichwani wakifukuzana na mapanga kwenye mashamba ya watu, kwa sababu wameona wa Hong Kong wakifanya hivyo. Inaniuma, kwa sababu baadhi yao wana kipaji cha kuigiza kinachoonekana wazi.

Kwa nini wakitengeneza upya hubadili mwisho? Ni woga? (Ligula)

Mara nyingi ndiyo. George Sluizer wa Uholanzi alitoa Spoorloos mwaka 1988: mpenzi wa kijana anatoweka kwenye kituo cha mafuta, na kijana anamtafuta miaka mitatu mpaka anaufikia ukweli, ambao ni wa kutisha na hauna mwokozi. Mwaka 1993 huyohuyo Sluizer akaitengeneza upya Marekani kwa jina la The Vanishing, safari hii mtu akaokolewa. Ikafa. Kila kilichotangulia kilikuwa kinaelekea kwenye ule mwisho wa kwanza, na ulipoondolewa vyote vikakosa kazi.

Kuna ugonjwa mwingine ulio kinyume. Michael Haneke aliirudia Funny Games yake ya mwaka 1997 huko Marekani mwaka 2007 karibu picha kwa picha. Mwoga hawezi kufanya hivyo, nakubali, lakini aliyeiona ya kwanza hapati kitu kipya.

Na kwa kuwa umeniuliza habari za miisho: acheni kumleta mchungaji au shehe dakika tano za mwisho awahubirie wahusika wote watubu. Hadithi uliyoishindwa mwenyewe usimtwishe kiongozi wa dini.

Naomba unitumie Oldboy zote mbili, hata kwa flashi. (Hakutaja anakotoka)

Sitoi nakala. Msiniombe tena.

Wahindi ndio wezi namba moja wa hadithi za watu. Mbona huwa unawasifu? (Kilwa Masoko)

Usiwafunge wote kamba moja. Ghajini, ya Kitamili mwaka 2005 na ya Kihindi mwaka 2008, ilichukua mhimili wa Memento ya mwaka 2000 bila kuitaja, na hilo silitetei. Lakini Laal Singh Chaddha ya mwaka 2022 ilinunua haki za Forrest Gump, ikaondoa Vietnam na kuweka vita ya Kargil na historia ya India yenyewe.

Kisha kuna Drishyam. Ilianza mwaka 2013 kwa Kimalayalam, ikiongozwa na Jeethu Joseph: mwenye kibiashara cha kebo, elimu yake ya darasa la nne, anailinda familia yake kwa ujanja alioupata kwenye filamu anazotazama usiku kucha. Ikatengenezwa kwa Kikannada, Kitelugu, Kitamili, Kihindi, na mwaka 2019 Wachina nao wakatoa ya kwao. Ilikubali kuhama kwa sababu mtu huyo yuko kila mji. Lindi yupo, anaendesha kibanda umiza. Anayeitaka hadithi hiyo aende akaiombe.

Sisi ni kikundi cha sanaa Masasi. Tunataka kurudia filamu ya Kikorea kwa kamera ya simu. Tukibadili majina na nguo, bado tunahitaji ruhusa? (Masasi)

Mnahitaji. Majina na nguo havisaidii. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mwenye kazi haki ya kuamua nani aigeuze. Wazo tupu, kama wanyonge kukodi wapiganaji, ni la wote. Mtiririko wa matukio, wahusika na mazungumzo ni ya mwenyewe. Na kuandika mwanzoni "imetokana na filamu fulani" si ruhusa, ingawa watu wanaamini hivyo kutoka Masasi hadi Dar es Salaam.

Waliodharau hili wapo. Sergio Leone alitoa A Fistful of Dollars mwaka 1964 kutokana na Yojimbo ya Kurosawa ya mwaka 1961 bila kuomba, Wajapani wakadai, wakaishia kupewa asilimia 15 ya mapato. Wajerumani walioitoa Nosferatu mwaka 1922 walibadili majina na baadhi ya mambo kama mnavyotaka ninyi. Mjane wa Bram Stoker, mwandishi wa Dracula, akawashinda, na mahakama ikaamuru nakala ziharibiwe. Zilizosalia ziliponea chupuchupu.

Kama barua ya kwenda Korea inawatisha, chukueni kisicho na mwenye kudai. Shakespeare alifariki mwaka 1616. Kurosawa alimchukua Macbeth akampeleka Japani ya kale, Vishal Bhardwaj akampeleka Othello vijijini India. Angalieni tu: tafsiri za Mwalimu Nyerere, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, bado zina hakimiliki. Hadithi chukueni, maneno andikeni yenu. Kibali cha Bodi ya Filamu mnakihitaji hata kama mnatumia simu; kiombeni kabla ya kupiga picha, maana wengi hukumbuka filamu ikiwa tayari na mfuko ukiwa mtupu.

Mwandishi, nina klabu ya wanafunzi. Nataka kuonyesha filamu mbili, ya kwanza na iliyotengenezwa upya. Nianze na ipi? (Mwalimu, Mikindani)

Shikamoo, Mwalimu. Anza na ya kwanza, acha wiki moja ipite, ndipo uonyeshe ya pili. Usiwapigishe kura ipi kali. Watachagua yenye mastaa. Mpe kila mmoja mhusika mmoja, amwandike upya kama mkazi wa Mikindani: anafanya kazi gani, anadaiwa na nani, nani anaweza kumkataza. Kwa hapo ulipo ningechukua zile mbili za familia ya viziwi. Zitazame mwenyewe kwanza, zina mambo ya kikubwa ya kuruka kwa wanafunzi wadogo. Siku ya CODA waalike na wavuvi, kwa sababu kuna ugomvi wa bei ya samaki mnadani na wavuvi kuanzisha ushirika wao, na hapo watakuwa na mengi ya kuwaambia vijana.